Liemba Ikiwa Makumbusho, Sisi Tutaandikwa Wapi?

Leo siandiki juu ya mgao wala uhakiki. Naandika juu ya meli, na juu ya swali ambalo nilitoka nalo Kigoma na mpaka leo linanisumbua.

Kwanza nieleze nilifikaje huko. Mama yangu alipewa rufaa ya macho kwenda Kigoma mjini, na mimi nikaandikwa kwenye kibali kama msindikizaji. Wa Nyarugusu mnajua kibali ni kitu gani: ni karatasi inayosema utoke lini na urudi lini, na ukichelewa ni kesi. Tulikuwa na siku tatu. Siku ya kwanza iliishia kwenye foleni. Siku ya pili mama akawekewa dawa, akaambiwa apumzike mpaka kesho yake. Basi nikabaki na nusu siku ya bure mjini. Mimi nimezaliwa kambini, na Ziwa Tanganyika nilikuwa nalijua kwa hadithi za wazee tu. Mama mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi akaniambia, "Mwanangu, usikae hapa kuhesabu matofali. Panda daladala uende Ujiji, kuna makumbusho. Halafu urudi uone bandari."

Nikaenda.

Pale getini dada wa tiketi akaniuliza, "Mwananchi au mgeni?" Bei si moja. Nikanyamaza kidogo. Nimezaliwa wilaya ya Kasulu, Kiswahili changu ndicho hiki mnachokisoma, lakini mwananchi si mimi. Na mgeni anayesemwa pale ni mzungu mwenye kamera, naye si mimi. Nikajibu, "Mimi ni wa Nyarugusu." Akanitazama, akacheka bila ubaya, akauliza kama nasoma. Nikasema ndiyo. "Basi lipa ya mwanafunzi, kaka." Nikamshukuru, nikaingia.

Ndani utaona sanamu za wazungu wawili, Stanley na Livingstone, wanasalimiana kofia mkononi, maana ni hapo Ujiji walipokutana mwaka 1871. Nje kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika na msalaba ndani yake, na miembe ambayo inasemwa ni uzao wa ule mwembe wa zamani waliokutania chini yake. Aliyenitembeza alinieleza kwamba enzi hizo maji ya ziwa yalikuwa yanafika karibu na hapo. Akaeleza pia kuhusu njia ya misafara: kutoka ng'ambo ya ziwa mpaka Ujiji, Ujiji mpaka Tabora, Tabora mpaka Bagamoyo. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia.

Hapo nikashtuka. Ng'ambo ya ziwa ndiko kwetu. Watu waliovushwa kutoka Manyema karne ya 19, wengine wamefungwa minyororo, wengine wamekuja kama wapagazi na wafanyabiashara, wajukuu zao wapo Ujiji mpaka leo na wanaitwa Wamanyema. Kumbe kuvuka ziwa hili hakukuanza na sisi mwaka 1996. Sisi ni msafara wa mwisho katika misafara mingi.

Lakini angalia nani ana jina pale. Livingstone ana jina na sanamu. Stanley vilevile. Susi na Chuma tunawajua kwa sababu waliubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani alipokufa mwaka 1873. Na wale wa kwenye mitumbwi? Wale ni "watumwa", basi. Ni kundi. Nilitoka pale nikiwa nimejifunza mengi, na siwalaumu hata kidogo walionitembeza, walifanya kazi yao vizuri. Ila neno "kundi" lilibaki kichwani, kwa sababu na sisi huku kambini tunajulikana hivyo hivyo. Sisi ni "wimbi la 1996", "wimbi la 2015".

Saa tisa nikawa nimerudi mjini, nikashuka upande wa bandari. Sehemu ya meli ina uzio, huwezi kuingia tu kama sokoni. Nikasimama nje. Mzee mmoja aliyekuwa anauza karanga akaninyoshea kidole: "Ile ndiyo Liemba." Ilikuwa haibebi abiria, ilikuwa inasubiri matengenezo makubwa ambayo serikali iliahidi. Nilitazama sana. Nilidhani ni kubwa zaidi. Bibi yangu alivyokuwa anaisimulia, ungedhani ni mlima unaoelea.

Kwa wale ambao hamjui historia ya meli hii, niiseme kwa kifupi, kwa sababu ni ya ajabu kuliko filamu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilipokamilika ikafunguliwa vipande, vipande vikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, halafu kwa reli mpaka Kigoma. Huko wakaiunga upya, ikaingia majini mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji, vita ambavyo risasi na njaa ya makusudi viliua watu wengi sana kusini mwa Tanzania ya leo. Meli ikaitwa kwa jina la mtu huyo.

Ilikuwa meli ya vita. Waingereza nao wakaleta boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa treni, halafu wakazivuta juu ya milima ya Katanga kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, mpaka ziwani karibu na Kalemie. Kamanda wao, Spicer-Simson, vitabu vimeandikwa juu yake. Watu weusi waliofyeka njia, wakajenga madaraja ya miti, wakavuta kamba milimani, mimi sijakutana na jina la hata mmoja wao. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inaponyoka, wakaizamisha meli yao wenyewe, lakini kwanza wakaipaka injini grisi nyingi ili isioze. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Tangu hapo imebeba dagaa, mahindi, mananasi, wachuuzi, wanafunzi, maiti na maharusi, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu kule Zambia, vijiji vingi vikiwa havina gati, abiria wanashukia kwenye mitumbwi.

Historia hiyo utaipata sehemu nyingi. Wapenzi wa meli duniani kote wanaijua Liemba, maana ni meli ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliyoendelea kubeba abiria miaka mia baadaye. Ila kuna sehemu ya historia ambayo inaandikwa kwa mstari mmoja tu, na mstari huo ndio sisi.

Sehemu ya kwanza ni ya bibi yangu. Mwaka 1996 vita vilipofika Fizi, alivuka ziwa usiku kwenye mashua ya mzigo na watoto wanne. Baada ya Mobutu kuanguka mwaka 1997, ikasemwa kwetu kuna amani, watu warudi. UNHCR ikaikodi Liemba, na hesabu inayotajwa ni kwamba zaidi ya watu 75,000 walirudishwa, kutoka Kigoma kwenda Uvira. Bibi alikuwa mmoja wao. Alikuwa anatusimulia hivi: "Walitupa turubai, sufuria na jembe. Tuliimba ndani ya meli mpaka sauti zikaisha. Tukasema, tumefika." Agosti 1998 vita vya pili vikaanza. Bibi akavuka ziwa tena, safari hii kwa mtumbwi, na watoto watatu. Yule wa nne alibaki huko, na alipobaki hakuna kaburi. Kila mara akifika hapo kwenye hadithi, bibi alikuwa anasema sentensi moja: "Kurudi walituhesabu. Kukimbia tena, hakuna aliyetuhesabu."

Sehemu ya pili ni ya mama jirani yetu, Mrundi. Mei 2015 alifika Kagunga. Mnaopajua Kagunga mnajua: mbele ziwa, nyuma mlima, barabara ya gari haikuwepo. Ni kijiji kidogo tu, na ghafla maelfu kwa maelfu ya watu wamelala ufukweni. Kipindupindu kikaingia, watu wasiopungua 30 wakafa. Liemba ikaitwa tena. Haikuweza kufika ukingoni, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa inawapeleka watu mpaka ubavuni mwa meli, watu kama 600 kwa safari moja. Mama jirani alipanda na mjukuu mgongoni na dumu la maji. Pembeni yake alikaa mwanamke asiyemjua ambaye alimkatia nusu ya kiazi. Walipofika Kigoma wakapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, halafu mabasi, na kila mmoja akaingia basi lake. Hakuwahi kumwona tena. "Sikumuuliza jina," ananiambia. Miaka yote hii, kinachomuuma ni hicho.

Kwa hiyo meli moja iliwarudisha Wakongo upande ule, na meli hiyo hiyo ikawaleta Warundi upande huu. Mimi nimekaa katikati ya hadithi hizo mbili, ukuta wa matofali kwa ukuta wa matofali.

Sasa nifike kwenye maoni yangu.

Nina binamu aliyepanda ndege ya IOM na sasa anaishi California. Aliwahi kutembelea San Francisco, sehemu ya ufukweni iliyofanywa hifadhi ya meli za zamani, akanipigia video akiwa huko. Nilimsumbua sana baadaye anieleze vizuri. Anasema kuna gati refu, na meli za kale zimefungwa hapo, watu wanapanda na kutembea ndani. Kubwa yao inaitwa Balclutha, ilijengwa Scotland mwaka 1886, ya matanga, ilizunguka ncha ya Amerika Kusini mara 17. Baadaye, kwa jina la Star of Alaska, ilikuwa inabeba wafanyakazi kila mwaka kwenda kwenye viwanda vya samaki vya Alaska. Wengi wa wafanyakazi wale walikuwa Wachina na wahamiaji wengine, waliorundikwa sehemu mbaya kuliko zote melini. Meli ilipochakaa, badala ya kuiuza kama chuma, watu wa mji wakainunua mwaka 1954, mafundi na vyama vya wafanyakazi wakajitolea kuitengeneza. Leo watoto wa shule wanapanda, wanaoneshwa chumba cha nahodha chenye mbao za kung'aa, na wanaelezwa pia juu ya wale waliolala chini. Binamu yangu alisema, "Kaka, nilipofika kule chini nilikumbuka kambi."

Hicho ndicho ninachokitaka Kigoma. Liemba nataka ifanye kazi tena, watu wa vijiji vya ziwani wanaihitaji kuliko watalii. Lakini meli zote huzeeka. Siku itakapostaafu isikatwe kuwa chuma chakavu. Iwekwe pale ufukweni, pawe na kivuli na mabenchi, mtoto wa Kigoma na mtoto wa Nyarugusu wapande waione kwa bei ya karanga. Na hata kabla ya siku hiyo, ikianza safari, paweko ukuta mmoja tu, melini au bandarini, wenye historia yake yote. Yaani Götzen na Maji Maji yake, waliovuta kamba Katanga, na meli kuzamishwa na kuibuliwa. Halafu, kwa herufi zilezile, si ndogo zaidi: 1997 Kigoma kwenda Uvira, 2015 Kagunga kwenda Kigoma. Na picha, na sauti za waliokuwemo.

Najua mtakayosema. Nimeyasikia tayari hapa zoni kwetu.

Wa kwanza atasema: "Mgao umepunguzwa, watu wanalala njaa, wewe unaongelea makumbusho?" Ndugu, mimi pia nakula mgao huohuo. Lakini fikirini. Kila mwaka tunakalishwa kwenye mikutano ya kurudi. Tunaambiwa hali ni shwari. Labda ni kweli, labda si kweli, sibishani leo. Ninachosema ni kwamba bibi yangu aliambiwa hivyo mwaka 1997, akapanda, akaimba, na kwenye ripoti akaandikwa kama mtu aliyerejea salama. Ukurasa uliofuata haukuandikwa. Kama kungekuwa na ukuta unaoonesha safari ya kurudi na safari ya kukimbia tena, anayepanga urejeshwaji wa watu angesoma pande zote mbili kabla ya kukodi meli. Kumbukumbu ingemfaa mkimbizi pale anapoulizwa, "Kwa nini unaogopa kurudi?"

Wa pili atasema: "Meli si yenu, ni mali ya Tanzania." Kweli kabisa. Na ndiyo maana ukuta huo uwataje pia wenyeji. Wanakijiji wa Kagunga walikuwa wachache kuliko wageni wao, wakagawana nao maji na nafasi. Wenye mitumbwi walivusha watu mpaka mikono ikachubuka. Mabaharia wa Liemba walifanya safari juu ya safari. Hiyo ni heshima ya Tanzania, na haistahili kubaki kwenye mafaili. Tukiomba tukumbukwe, tunaomba na wao wakumbukwe.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi, maana ni mama yangu. Mama alikuwa mmoja wa wale watoto wanne wa kwenye mashua. Yeye hataki kusikia habari za ziwa. Jioni ile nilipomwambia nimeiona Liemba, aligeukia ukutani, akasema, "Kunywa chai." Sikuendelea. Mtu ana haki ya kunyamaza, na makumbusho yoyote yatakayojengwa lazima yaheshimu hilo. Asisukumwe mtu kutoa ushuhuda ili mgeni alie. Lakini kunyamaza kwa mama yangu kuwe ni uamuzi wake. Kusiwe ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, nina ombi moja. Mlipiga picha nyingi sana Kagunga na pale uwanjani. Mlipiga pia mwaka 1997. Nyingine zilitumika kwenye kalenda na ripoti za wafadhili. Rudisheni nakala. Zileteni kambini, tuzione, waliomo waseme "huyu ni mimi" au waseme "msinioneshe". Majina ya watu tunajua ni siri, hatuombi orodha zenu. Tunaomba kujiona.

Kwetu vijana, kazi haisubiri serikali wala mfadhili. Bibi yangu alifariki mwaka uliopita. Nilikuwa na simu yenye kurekodi sauti kwa miaka mitano, na sikumrekodi hata mara moja. Nilirekodi nyimbo, nilirekodi vichekesho. Yaliyomo humu ni ninayoyakumbuka tu, na tayari nimeanza kusahau kama mashua ya 1996 ilitoka Ubwari au Baraka. Mama angejua, lakini mnajua jibu lake.

Kwa hiyo usiku wa leo, mkimaliza kula, muulizeni mzee mmoja maswali matatu, kama anakubali. Ulivuka na chombo gani? Ulibeba nini? Nani alikaa pembeni yako? Mrekodi. Andikeni na tarehe. Siku mtu akija Kigoma na tofali la kwanza la ukuta ule, akute sisi tumeshaandaa maneno yake.

Mimi nimeanza na mama jirani. Alikubali. Tulipofika kwenye swali la tatu alikaa kimya muda mrefu, halafu akanieleza juu ya kitambaa cha kijani alichojifunga yule mwanamke wa kiazi, na kovu dogo kwenye kidevu chake. Jina hajui. Lakini sasa kitambaa na kovu vimeandikwa, na kama yule mama yupo Nduta, au amerudi Makamba, au ameshafika Marekani, huenda mwanaye akasoma hapa akamtambua.